Kitangawizi cha mama mdogo

Jana baada ya Magharibi mama alitoka chumbani, ushungi mkononi, anauliza nani kafukiza udi bila kumwambia. Hakuna aliyefukiza. Nikampeleka uani, nyuma ya tangi la maji, kwenye ile ndoo ya rangi ambayo kila siku ananiambia niiondoe kwa sababu inafuga mbu. Akainama, akanusa, akanyamaza. Halafu: "Ndicho kile kitangawizi chako?"

Ndicho, ua la tangawizi ya kunukia. Miezi 11 nimekilea.

Kabla yake nilishapigwa. Mwaka juzi nilinunua mche Dar kwa muuza maua wa kando ya barabara, elfu 15, akaniapia kwamba ni tangawizi ya maua itakayonukia mtaa mzima. Ikachanua kweli, nyekundu ya kupendeza, nami asubuhi na jioni natia pua humo. Hamna kitu. Kumbe ile ni alpinia nyekundu, ndiyo wanayopanga kwenye mapokezi ya hoteli. Hata ule wekundu si ua, ni vijani vinavyolifunika. Ua lenyewe ni kijidude cheupe kinachochungulia katikati. Kwa macho sawa, kwa pua bure. Kwa hiyo mtu akikutajia tangawizi ya kunukia, muulize rangi kwanza. Yangu ni nyeupe pe, umbo la kipepeo, na jina lake la kitaalamu ni Hedychium coronarium. Cuba ndilo ua lao la taifa, wanaliita mariposa, yaani kipepeo hasa.

Tunguu lake alinipa mama mdogo, anayekaa Amani, kule milima ya Usambara. Likateremka na basi hadi Muheza, kisha Tanga, limefungwa kwenye jani la mgomba: kipande cha urefu wa kidole, chenye macho matatu. Ukilikwaruza linanukia tangawizi ya mbali, si ajabu, ni ukoo mmoja na tangawizi, iliki na manjano. Nikampigia kumshukuru, na shikamoo haijaitikiwa vizuri keshaanza maelekezo: "Usikizike kama maiti, mwanangu. Kilaze tu, mgongo uonekane."

Hilo nililishika. Nililokosea ni jua. Nilidhani ua lolote linataka jua, nikaiweka ndoo karibu na geti. Majani yakatoka mazuri, marefu, halafu kingo zikaanza kukauka zikawa kama karatasi ya kaki. Amani kuna ukungu na mvua. Hapa Ngamiani jua la saa saba linachemsha maji kwenye mabomba. Na asili ya mmea huu ni huko chini ya milima ya Himalaya na kusini mwa China, sehemu za majimaji na vivuli. Nikaihamishia chini ya mstafeli, inapigwa na jua mpaka saa nne tu, basi. Mchanga wetu wa Tanga nikauchanganya na samadi ya mbuzi iliyokwisha kuoza.

Maji ndiyo yaliyonipa tabu, maana mmea huu hautaki kukauka hata siku mbili na bomba letu lina hiari yake. Jirani ana duka la dawa lenye kiyoyozi, mpira wake unatiririsha maji barazani mchana kutwa. Nikamwomba, nikategesha dumu. Hadi jioni linakaribia kujaa. Naweza kusema ua hili limekuzwa na baridi ya dukani.

Sasa kuchanua kwenyewe. Juu ya shina kunatokea kitu kama gunzi dogo la kijani, magamba yamepandana. Mchana hulidhanii. Kwenye saa kumi jioni gamba moja linaachia mrija mwembamba, na kabla ya adhana ya Magharibi petali zimefunguka, laini kama karatasi iliyolowa. Harufu inangoja giza, kwa kuwa wageni wake ni nondo. Jana nilimwona mmoja mkubwa, anaelea mbele ya ua bila kutua, ulimi mrefu umezama ndani. Inanukia kama asumini iliyowekwa karibu na asali, na mwisho kabisa kuna kijiukali kinachokumbusha ukoo wake. Kesho yake ua limenywea, limeingia umanjano, na gamba jingine linafunguka.

Mama alitaka kulitia kwenye kikuba, kile kishada cha kunukia cha kujipamba, pamoja na mrehani na asumini. Halikubali. Kabla ya Isha lilishakunjamana, na asumini bado mbichi. Basi tunayaweka yaelee kwenye bakuli la maji karibu na kitanda chake, na chumba kizima kinaitika.

Shina likishamaliza maua nalikata chini kabisa, halichanui tena. Machipukizi yanatoka pembeni. Wenye mashamba karibu na mito, naomba msitupe matunguu majini. Huyu akipata kijito anajaza, na ndugu yake wa manjano, anayeitwa kahili, yumo kwenye orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani. Kwenye ndoo wana adabu.

Ingawa ndoo yenyewe imeanza kupasuka. Nimehesabu mashina saba, na mama keshawaahidi majirani watatu bila kuniuliza. Wa kwanza kaja leo asubuhi, nikamwambia asubiri maua yaishe. Kaacha ndoo yake mlangoni.