Mrehani Uliochanua na Wageni Wake

Tangu nilipoacha kuukata mrehani wangu kila wiki na kuuruhusu utoe maua yake madogo meupe, kona hiyo ya bustani yetu hapa Kasarani huvuma nyuki kuanzia jua linapochomoza hadi alasiri. Awali nilikuwa nimenunua kando ya barabara miche ya mawaridi yenye petali zilizorundikana, nikidhani kwamba ua kubwa ndilo linalovutia wadudu zaidi. Kumbe katika maua ya namna hiyo stameni nyingi, yaani sehemu zinazotoa chavua, zimegeuka kuwa petali, na nyuki akifika hapati chavua ya kutosha.

Wageni ninaowathamini kuliko wote ni wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao, ambao mke wangu huwaogopa bure. Ua la mkarakara limeumbwa kwa namna ambayo nyuki wa asali, kwa udogo wake, huweza kunywa mbochi bila kuigusa sehemu inayopokea chavua, ilhali huyu mkubwa huisugua kwa mgongo wake anapopita. Ndiyo maana sikulichoma gogo kavu lililo nyuma ya tangi la maji, kwani humo ndimo wanamotagia mayai.

Mshubiri wenye maua mekundu nimewaachia ndege wadogo waitwao chozi, kwa kuwa nyuki haioni vyema rangi nyekundu. Dawa ya vidukari, nikilazimika kuitumia, huipuliza jioni baada ya nyuki kurudi mzingani, na kamwe siielekezi kwenye maua yaliyofunguka.