Kisima tulichokiumiza kwa mapenzi

Mashua ya Jumapili asubuhi kutoka Kilwa Masoko hunivusha bure. Nahodha akiniona na ndoo mbili na panga nililolizungushia gunia, hasemi kitu, ananisogezea nafasi tu karibu na tezi. Siku sita nashona nguo hapa Masoko. Ya saba navuka kwetu, Kilwa Kisiwani, kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji.

Walio mbali wakisikia jina hilo hufikiria magofu matupu. Kwetu ni kijiji. Mbuzi hujipumzisha kwenye kivuli cha kuta za Makutani, jumba la kale la masultani, na watoto wanacheza kando ya Msikiti Mkuu bila kuona ajabu, maana wameukuta upo na babu zao waliukuta upo. Msafiri Ibn Battuta alifika hapa mwaka 1331, akausifu mji kwa uzuri wake na kwa ujenzi wake. Bibi yangu hakuwahi kusikia habari za Ibn Battuta, lakini kila alfajiri alishika ufagio wa chelewa akafagia kutoka mlangoni kwake mpaka kwenye mbuyu, njia ambayo si yake peke yake. Nikimuuliza kwa nini asifagie mbele ya nyumba tu, ananijibu, "Mjukuu wangu, wanaopita huko ni watu wa nani?"

Kazi yetu ilianzia kwenye njia hiyo. Tulikuwa wanne, sasa tunafika ishirini na zaidi, wengi wao akina mama. Tunaokota chupa za plastiki zinazotupwa pwani na mawimbi, tunapanda asumini na mirehani kwenye viambaza, na kabla ya Maulidi tunakandika nyumba za wazee wasio na nguvu. Udongo mwekundu tunaukanyaga kwa miguu huku tukiimba, mikono inapaka, watoto wanaleta maji. Nyumba iliyokandikwa vizuri inang'aa jua likizama. Naipenda saa hiyo kuliko zote.

Upande wa magofu, hatugusi jiwe bila ruhusa ya wahifadhi. Tunafyeka. Na kufyeka kuna adabu yake: mche ulioota ukutani haung'olewi, unakatwa pale pale unapotokea. Mizizi imeshaingia baina ya mawe, ukiivuta inakuja na ukuta. Vijana wapya huwa na haraka ya kung'oa, mpaka nawashika mkono.

Hata mimi nilikuwa na haraka. Kuna kisima cha zamani pembeni mwa kijiji, ukingo wake wa mawe ya matumbawe ulikuwa umeanza kumeguka. Tulichanga, nikanunua saruji mimi mwenyewe, nikavuka nayo kwa mashua nikiwa na furaha kama napeleka mahari. Tukapiga plasta ukingo mzima, ukawa laini, tukapiga picha. Miaka miwili haikufika. Saruji ilibaki nzima, ila jiwe lililokuwa nyuma yake lilikuwa linageuka unga, na plasta ikabanduka na uso wote wa jiwe. Nililia pale kisimani.

Nikaenda kwa fundi mmoja mzee, aliyewahi kufanya kazi kwenye ukarabati wa magofu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Kisima nimekiona. Mliweka saruji?"

"Tuliweka."

"Jiwe la matumbawe linakunywa maji, kisha linayatoa. Chokaa inamwachia. Saruji inamfungia ndani, na chumvi yote inabaki humo humo inamla."

Alilisemea jiwe kama mtu, na tangu siku ile nami naliona hivyo. Kuba za Msikiti Mkuu na birika la pembe nane la jumba la Husuni Kubwa vimeshikwa na chokaa tangu enzi za masultani. Sisi tulio wenyeji wa chokaa hiyo tulikuwa tumebakiwa na watu wachache wanaojua kuichoma. UNESCO iliingiza magofu ya Kilwa Kisiwani na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, mwaka 2004 ikayaweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na ikayatoa humo mwaka 2014. Nafurahi kuwa kuta zilitoka hatarini. Ujuzi wa fundi huyu hauko kwenye orodha yoyote, nao unatembelea mkongojo.

Basi akatufundisha. Matumbawe hai ya baharini hatuyagusi, tulitumia mawe makavu ya nchi kavu. Mikoko pia hatukati. Tulipanga magogo ya minazi iliyokufa duara, tukarundika mawe juu yake, katikati tukaacha tundu la kuwashia. Moto uliwaka usiku kucha na kijiji kizima kikakesha, bibi mmoja akatuhadithia jinsi matanuu yalivyowaka utotoni mwake. Mawe yalipopoa yalikuwa mepesi na meupe. Tukayamwagia maji kwa mbali, yakavuma, yakapasuka, yakachemka yenyewe pasipo moto. Mwanangu alinikumbatia mguu kwa hofu. Ile chokaa tukaiweka shimoni na maji, tukaifunika kwa makuti ikae miezi.

Wakati inangoja, tunapanda mikoko. Mawimbi yamekula ufuko upande wa Gereza, ile ngome iliyo mbele kabisa ukiingia kwa mashua, na mikoko iliyokomaa huyavunja mawimbi nguvu. Tunachagua siku za bamvua, maji yanapokupwa sana mnamo saa nne asubuhi. Mbegu ni ndefu kama kalamu, unaichomeka matopeni wima, hatua moja kutoka kwa mwenzake. Mingine husombwa, tunarudia. Mstari wa kwanza umeshanifika magotini.

Kisima tumekibandua saruji yote kwa patasi ndogo, polepole, siku tatu. Kiko wazi sasa, kina makovu, kinakauka.

Jumapili iliyopita fundi alifunua makuti, akachota chokaa kwa kijiti, akaisugua kati ya vidole viwili. Ilikuwa laini kama samli. Sote tulikuwa tumeinama tukimtazama usoni.

"Bado," akasema, akarudisha makuti.