Mchongoko Unatupita Buguruni

Tangu nirudi, vijiweni hawaniulizi mshahara wa Dubai kama nilivyotarajia. Swali ni moja: "Wewe umejenga reli ya wenzetu, hii yetu ya kisasa, SGR, umeionaje?" Nimekuwa nikijibu nusunusu huku nakunywa kahawa. Leo naandika yote.

Niliondoka Buguruni 2007 nikiwa fundi nondo. Dubai nilikuta njia nyekundu ya Metro, treni yao ya mjini, imeshaanza kujengwa: kilomita 52, sehemu kubwa ikipita juu ya nguzo. Walioko nyumbani walidhani daraja la namna ile linamwagwa zege pale pale juu, mafundi wakiwa wamejipanga kwenye jukwaa. Sivyo. Vipande vyake, vyenye umbo la U, vilimwagwa yadini nje ya mji. Kila kipande kilimwagwa kikiwa kimeegemezwa kwenye kilichokitangulia, ili vikija kukutana juu visiachiane nafasi. Kazi yetu mafundi nondo ilikuwa kusuka kitanda cha chuma na kukiingiza kwenye fomu, halafu foromani anapita na futi yake kupima umbali wa nondo na ukingo. Ukiwa umekosea kidogo tu, unafungua binding waya zote unaanza upya. Hakuna "itakaa tu".

Kipande kikikomaa kinapelekwa na lori usiku, mtambo mkubwa uliokaa juu ya nguzo unakiinua, kinapakwa gundi ya epoksi pembeni, kinabanwa na mwenzake. Baada ya hapo nyaya za chuma zinapitishwa ndani ya matundu kutoka nguzo hadi nguzo, na jeki inazivuta mpaka vipande vyote vinakuwa mhimili mmoja. Mvuto wa zile nyaya ndio unaobeba treni. Zege peke yake lingepasuka. Hili ndilo huwa nawaambia vijana wanaosema daraja ni saruji nyingi.

Ilifunguliwa tarehe 9 Septemba 2009, saa tatu usiku na dakika tisa na sekunde tisa, maana kwa saa zao hiyo ni tisa, na wenyewe walipenda iwe tisa tupu. Siku ya kwanza zilifunguliwa stesheni 10 tu kati ya 29. Treni haina dereva. Miaka iliyofuata nilipanda hiyo hiyo kwenda saiti nyingine, nimebanana na Wapakistani na Wafilipino, na niseme ukweli, nilikuwa natazama nguzo kuliko bahari.

Sasa ya kwetu. Watu wengi hawajui kwamba Yapı Merkezi, kampuni ya Kituruki iliyokuwa kwenye ubia wa ujenzi wa ile ya Dubai, ndiyo iliyojenga SGR ya Dar hadi Morogoro pamoja na Mota-Engil ya Ureno. Jiwe la msingi liliwekwa Aprili 2017, abiria wa kwanza wa Morogoro wakapanda Juni 2024, wa Dodoma mwezi uliofuata. Mimi yote hayo niliyaona kwenye simu.

Kwa hiyo nilipofika, kitu cha kwanza nilienda kutembea chini ya daraja, kuanzia Stesheni kuelekea Kamata na Shaurimoyo. Ni kama kilomita mbili na nusu treni ikiwa hewani. Kazi imesimama vizuri. Anayekumbuka tambukareli ya Kamata anajua kwa nini ilibidi kupanda juu: treni ikija, geti linafungwa, daladala zinajaa mpaka huko nyuma, na makonda wanatukanana. Treni ya umeme inayopita mara nyingi kwa siku isingewezekana pale chini.

Shangazi yangu hafurahii sana nikisifia. Kibanda chake cha mkaa na vitenge kilipigwa ile X nyekundu mwaka 2017 kwa kuwa kilikuwa ndani ya hifadhi ya reli, na tingatinga halikukaa sana. "Wewe sifia nguzo zako, baba," ananiambia, "mimi treni yenyewe hainisimamii."

Na hapo ndipo ana hoja kuliko vijiwe vyote. Ukitoka Stesheni ya Magufuli, lile jengo la vioo lenye sura ya tanzanite, kituo kinachofuata ni Pugu. Ilala, Buguruni, Vingunguti, Gongo la Mboto wote wanautazama tu mchongoko, ile treni ya umeme yenye pua iliyochongoka, ukipita. Wengine wanasema basi iongezewe vituo. Mimi nakataa. Ile treni imeundwa kukimbia kilomita 160 kwa saa. Ukiisimamisha kila mtaa haijakolea mwendo inashikwa breki tena, na njia yenyewe ni moja yenye sehemu za kupishana, kwa hiyo inayotoka Dodoma itakaa kuisubiri ya Vingunguti. Kilichofanya Metro ya Dubai ibebe watu ni kuwa na njia yake, haichangii na treni ya safari ndefu.

Lakini pembeni pale kuna reli ya zamani, ile ya Mjerumani, ya upana wa milimita 1,000. Oktoba 2012 ndiyo iliyopitisha treni ya mjini ya Mwakyembe, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, kwenda Ubungo Maziwa, na TAZARA, wale wa reli ya Zambia, nao wakatoa yao kutoka Mwakanga hadi Kurasini. Watu walijaa mpaka milangoni, na mabehewa yalikuwa ya kuungaunga. Njia ipo, hifadhi imeshasafishwa kwa machozi ya akina shangazi. Kinachohitajika ni majukwaa mafupi ya zege kila kilomita moja au mbili, vivuko vya juu vya miguu, mabehewa mengi yenye milango mipana, na treni isiyokosa saa yake. Wenzetu wa Dubai hawajasimama: Desemba 2024 walisaini mkataba wa njia ya buluu, yenye daraja la mita 1,300 kuvuka hori la Dubai.

Binamu yangu anaendesha bodaboda na haafiki hata chembe. "Kaka, ukiweka stesheni kila mtaa, sisi tule wapi?" Nikamwambia mlangoni mwa kila stesheni ndipo abiria wake watakapokuwa wanamsubiri. Akasema basi niwaambie wakubwa waanze na ya kwa Mnyamani, yeye ana kijiwe karibu.