Askari Mwenye Busara 8

Kwenye meza yetu ya Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika na kurusha dadu, hapa Sinza, wachezaji wapya hupenda kuunda askari mwenye Nguvu 18 na Busara 8, kwa hoja kwamba kazi ya askari ni upanga. Ninaandika haya kwa ajili yao, maana hiyo 8 ndiyo itakayowaweka pembeni wakati wenzao wanapigana.

Kila sifa ya mhusika, kama Nguvu au Busara, huzaa nyongeza yake, yaani namba inayojumlishwa kwenye dadu: toa 10 kwenye alama, gawanya kwa 2, kisha ondoa nusu inayobaki kwa kushuka chini. Nguvu 18 hutoa +4, na Busara 8 hutoa −1. Alama ya witiri haiongezi kitu peke yake, kwani 17 hutoa +3 sawasawa na 16.

Mrusho wa kujiokoa hufanyika mhusika anapokumbwa na sumu, moto wa joka au uchawi. Mchezaji hurusha dadu lenye pande 20, hujumlisha nyongeza ya sifa inayohusika, na ikiwa tabaka la mhusika wake (aina yake, kama askari au kuhani) lina umahiri katika sifa hiyo, huongeza pia nyongeza ya umahiri, ambayo huanzia +2 na kufikia +6 katika daraja, yaani hatua ya ukuaji wa mhusika, la 17. Jumla hiyo lazima ifikie kiwango cha mchawi, yaani jumla ya 8, nyongeza yake ya umahiri na nyongeza ya sifa anayotumia kuroga.

Tuchukue mchawi wa daraja la 5 mwenye Akili 16, ambaye kiwango chake ni 14, akamroga askari wetu kwa uchawi wa kugandisha mwili, ambao mtu hujiokoa nao kwa Busara. Umahiri wa askari uko kwenye Nguvu na Ustahimilivu, kwa hiyo kwa Busara anarusha na −1 tupu na dadu lazima lionyeshe 15 au zaidi, nafasi ya asilimia 30. Kuhani wa daraja hilohilo mwenye Busara 16 ana +6, hivyo 8 inamtosha, nafasi ya asilimia 65. Aliyeganda hurudia mrusho kila mwisho wa zamu yake, na adui aliye karibu akimpata, pigo huhesabiwa kuwa la hatari, yaani lenye madhara makubwa kuliko kawaida.

Katika toleo la kwanza la mwaka 1974, namba ya kujiokoa ilisomwa kwenye jedwali kulingana na tabaka na daraja la anayejiokoa, bila kujali uwezo wa aliyeroga, na askari mkongwe alikuwa mgumu kuroga. Katika kanuni za mwaka 2014, uwezo wa mchawi unapanda ilhali Busara ya askari inabaki palepale. Mchawi wa daraja la 17 mwenye Akili 20 ana kiwango cha 19, na askari wetu hapo hujiokoa kwa 20 pekee, asilimia 5. Kwangu hili ndilo jambo zito kuliko yote katika kuunda mhusika, na halisemwi vya kutosha.

Baraka za kuhani husaidia, kwa kuwa huongeza dadu la pande 4 kwenye mrusho, na kwa mchawi yule wa kwanza nafasi hupanda hadi asilimia 42.5. Lakini dawa ya kudumu ni kuanza na Busara 9, kisha kuchukua kipaji kinachoongeza alama 1 ya Busara pamoja na umahiri wa kujiokoa kwa sifa hiyo. Busara inakuwa 10, −1 inafutika, na mbele ya mchawi wa daraja la 17 askari wa daraja hilo anarusha na +6: asilimia 40 badala ya 5.