Shati lisilopanda nikiinua mkono

Kwa miaka mingi nilikuwa nikinyoosha mkono kuchukua kitu juu ya kabati shati linachomoka lote kwenye suruali, mgongo nje, tumbo nje, na nikaamini kabisa kwamba tatizo ni mwili wangu. Nina mabega mapana na mikono mirefu halafu kiuno chembamba, nikichukua saizi inayonienea mabegani basi huku chini linakuwa hema, nikichukua ya kiunoni siwezi hata kukumbatia mtu. Nikawa nachukua kubwa tu, si ndo tunavyoambiwa, nguo ikikubana vaa kubwa zaidi.

Sasa huu ni mwaka wa nne najishonea mwenyewe, na leo nataka niongelee kitu kimoja, kwapa. Maana ni kwapa la shati ndilo lililonifanya niipende cherehani namna hii.

Nilianza kwa kufumua. Nilichukua shati langu kuukuu, nikafumua mshono mmoja mmoja, nikapiga pasi vipande vyote mpaka vikalala, nikaviweka juu ya karatasi nikachora kwa kufuata vitundu vya sindano vya mshono wa zamani, halafu nikaongeza sentimita 1.5 pembeni kote ya kushonea. Anayetaka kuanza namshauri aanzie hapo kwa sababu utaona vitu ambavyo ukivaa shati huvioni. Kola kumbe ni vipande viwili, kuna kola yenyewe na kuna ule ukanda unaoishikilia isimame. Juu ya mgongo kitambaa kiko mara mbili. Na mkono wa shati ukiulaza mezani huko juu haujakatwa moja kwa moja, una kilima, na kile kilima ndo kinaingia kwenye tundu la mkono pale begani.

Basi nikakata shati la majaribio kwa shuka lililochakaa, na kwa akili zangu nikalishusha lile tundu, nikalipanua nikisema hapa nimejipa nafasi ya kutosha. Nikavaa, nikainua mikono. Likapanda lote mpaka mbavuni, baya kuliko la mwanzo!

Iliniuma kweli, nilikaa nalo siku kadhaa nikiinua na kushusha mkono mbele ya kioo mpaka nikaona. Tundu likishuka chini, mkono wa shati unakuwa umeungwa ubavuni badala ya kwapani, kwa hiyo ukiinua mkono wako lazima uvute na ubavu mzima wa shati. Tundu likiwa juu, karibu kabisa na kwapa lako bila kukukata, mkono unajiendea wenyewe na shati linabaki lilipo. Yaani kwapa dogo ndo lenye nafasi. Nilipandisha sentimita 2 tu, jaribio la pili, nikanyoosha mkono juu ya kabati na pindo halikutoka kwenye suruali, nikaita watu wa nyumbani waje waone.

Kilima nacho kina mambo yake. Kikiwa kirefu mkono unaning'inia safi bila mikunjo ukiwa umesimama, ila kuinua mkono ni shida, kikiwa kifupi na kipana unapata uhuru wote ila ukishusha mkono kuna mikunjo kwapani. Mashati yangu ya kila siku nayapa kilima kifupi na mikunjo naikubali, mimi ni mtu wa kubeba na kuchuchumaa, sivai nguo ili nisimame kama sanamu. Halafu mzunguko wa kilima unatakiwa uzidi kidogo ule wa tundu, kwa shati la pamba sentimita 1 au 2 zinatosha, ile ziada unaigawa kidogo kidogo kwa kupiga bandi kwa mkono, yaani kushikiza kwa muda kwa mishono mirefu, kabla hujapeleka kwenye cherehani. Ukiruka bandi utapata vikunyanzi begani na utafumua, mimi nimefumua sana hapo.

Mengine ni ya kawaida ila usiyadharau. Pamba ioshe kabla hujaikata kwa sababu hurudi, ukikata kwanza ukaosha baadaye utakuwa umemshonea mdogo wako. Na nyuzi za mtande, zile zinazokwenda kwa urefu wa kitambaa, ziende wima kwenye mwili, ukikata hanamu, yaani mshazari, bila kukusudia mguu wa suruali unajipinda na hakuna pasi itakayourudisha.

Kuna watu huniuliza mwanaume unashonaje nguo, na huwa nashangaa kidogo, maana historia yenyewe imejaa wanaume. Barthélemy Thimonnier alikuwa fundi nguo huko Ufaransa, mwaka 1830 akapata hati miliki ya mashine yake ya kushonea na mashine hizo zikawa zinashona sare za jeshi, mafundi wenzake wakaja wakazivunja kwa kuogopa kukosa kazi. Isaac Singer wa Marekani akapata ya kwake 1851. Mimi sisubiri kuruhusiwa na mtu, mtoto wangu wa kiume naye ameshajifunza kutia uzi kwenye sindano na kushona kifungo kikashika.

Sasa hivi mezani nina koti, la kwanza. Koti lina bitana, kwa hiyo kila tundu la mkono nalishona mara mbili, la nje na la ndani, na la ndani nimeliacha juu zaidi kidogo ili bitana ipite juu ya mshono wa nje bila kuvuta. Mkono wa kulia umeshakaa vizuri. Wa kushoto bado una bandi nyeupe, jana usiku nimeuvaa hivyo hivyo na nyuzi zinaning'inia, nikauinua mpaka dari, na pindo halikusogea.