Ramadhani ile grafu ilinisingizia ulevi

Hii ilikuwa Tanga, nyumbani Ngamiani, Ramadhani ya mwaka nilioanza kufundishwa kunyanyua vyuma kwa simu. Kocha wangu Mkenya, anaishi Leeds huko Uingereza, hatujaonana ana kwa ana mpaka leo. Nikiamka tu, kabla ya chai, navaa mkanda wa kifuani (lazima uuloweshe upande wa ndani la sivyo hausomi kitu), nalala chali dakika chache apu inapima HRV, yaani nafasi kati ya pigo na pigo la moyo inavyobadilikabadilika, grafu anaiona kwake na yeye ndo anaamua leo mzigo mzito au napasha misuli tu.

Wengi tunadhani moyo unadunda kama saa ya ukutani, kumbe wapi, hata mapigo yakiwa 60 kwa dakika nafasi kati ya pigo na pigo haikai sekunde moja kamili, mara milisekunde 950 mara 1040, maana kuna neva inaitwa vagus inaubana moyo ukitoa pumzi na kuulegezea ukivuta. Ukiwa umepumzika vizuri tofauti ile inakuwa kubwa, ukikosa usingizi, ukiumwa au ukilewa inasinyaa. Mimi namba yangu ya HRV nilizoea kama 60 hivi.

Mfungo ulipoanza ikaporomoka, 41, 36, halafu 33, na mapigo ya moyo juu. Meseji ikaingia: "Bro, niambie ukweli, unapiga mtungi?"

Nilicheka mpaka mama akauliza kuna nini, ningemjibuje sasa. Nikamtumia voisi, kaka mi nimefunga, pombe naitoa wapi! "Aki pole, Ramadhani imeanza? Haya nieleze usiku wako wote, usiruke kitu."

Nikamwaga yote. Futari ya magimbi ya nazi, tambi, kaimati, uji wa pilipili manga, naenda tarawehe, narudi nakula tena, nalala saa sita, saa tisa na nusu ngoma za daku zinapita chini ya dirisha, nakula wali, naswali alfajiri, nalala kidogo ndo naamka kupima. "Yaani unapima na tumbo limejaa wali?" Ndo hivyo. Tumbo likiwa kazini moyo nao unakimbizwa, na usingizi wenyewe vipande vipande.

Akaamua nipime nikiamkia daku, kabla hata ya maji, na namba za mfungo zilinganishwe na za mfungo zenyewe tu. Usiku wa kwanza nimelala na mkanda, ngoma zinapigwa nje, mama kaingia na sahani. "We mwanangu, moyo unakusumbua hunambii?" Jaribu wewe kumweleza mtu vagus saa tisa usiku. Kanisikiliza mpaka mwisho, akasema haya, kula.

Mazoezi yakahamia baada ya tarawehe, seti 5 zikawa 3 ila kilo hazikupungua, na hapo nampa sifa zake, kocha mwingine angenishushia vyote. Namba ikatulia, ikapanda mpaka 50 na kitu, nikapewa ruhusa ya dedilifti nzito (ile ya kunyanyua chuma toka chini mpaka usimame wima) uani kwetu. Kilo 140 ikanyanyuka, nikamtumia video kwa mbwembwe zote.

"Nyonga zinatangulia kupanda, rekebisha. Na hiyo sahani ya kaimati hapo kando ya vyuma ni ya nani?"