Chumba cha Chini

Mama alipopata viza, mwaka 2019, hakutaka Roma wala Milano. "Nipeleke kwenye ule mji uliojengwa majini," alisema. Aliwahi kuuona kwenye kalenda ya duka la vitambaa pale Darajani, zamani, na picha ile ikamkaa. Mie nilikuwa naishi Bologna, saa moja na nusu hivi kwa treni, na Venice nilishakwenda mara tatu, kila mara narudi jioni yake. Kulala sikuwahi. Basi suala la wapi tulale lilikuwa geni hata kwangu, na magoti ya Mama yakalizidisha ugumu.

Venice hakuna gari, hakuna pikipiki, hata baiskeli huoni. Ukitoka tu mlangoni mwa stesheni ya Santa Lucia, mbele yako ni Mfereji Mkuu, na tangu hapo ni miguu yako au boti. Madaraja ni zaidi ya 400, na karibu yote yana ngazi za kupanda na kushuka, kwa sababu boti lazima zipite chini yake. Mwenye magoti mazima hufurahia. Mama yangu alikuwa na miaka 68, na hata kushuka daladala kwake kulikuwa na bismillahi mbili.

Kwenye kundi letu la WhatsApp kila mtu akaja na lake. Kaka, yuko Maskati, akataka San Marco, katikati ya mji, tena karibu na uwanja wake maarufu. "Mama hasafiri kila siku," akaandika, na hela akasema atatuma. Nikampelekea bei. Akanyamaza siku mbili. Mdogo wangu kule Unguja akasema Mestre, upande wa bara, ng'ambo ya daraja refu la reli: treni dakika kumi tu, bei nusu, na hoteli zina lifti. Alikuwa na haki, lakini nilikataa. Mestre ni mji kama miji mingine, una mabasi na taa za barabarani, na mie sikutaka Mama atoke Malindi ya Unguja aje kufungua dirisha aone kituo cha mafuta.

Nikabuni hesabu yangu. Kila nyumba niliyoiona mtandaoni, niliifuata kwenye ramani kutoka stesheni, kidole juu ya kioo cha simu, nikihesabu madaraja. Za wilaya ya San Polo, matano, sita. Za Castello niliacha kuhesabu. Halafu Cannaregio: unatoka stesheni, unashika njia moja iliyonyooka yenye maduka, unafika Ponte delle Guglie, lile daraja lenye minara minne midogo ya mawe, unavuka, umefika. Daraja moja! Nyumba ilikuwa na nafasi mbili, ghorofa ya pili bila lifti, na chumba cha chini chenye dirisha juu ya mfereji. Tangazo la chumba cha chini lilisema hakina ngazi hata moja. Euro 70 kwa usiku. Nikalipa usiku uleule, nikajiona hodari.

Tulifika Jumatatu, tarehe 11 Novemba. Mama alipenda vichochoro mara moja. "Huu si Mji Mkongwe huu?" alisema, akapitisha mkono ukutani kama anavyofanya kwao. Tulipotea, maana namba za nyumba kule hazifuati mtaa, zinafuata wilaya nzima, zinafika maelfu, na ukikata kona tu namba zimeruka. Nilimwacha kakaa juu ya begi nikaenda kutafuta, nikarudi nikamkuta anapigiwa hadithi na mzee mmoja kwa Kitaliano, naye anamjibu kwa Kiswahili.

Chumbani hakukaa. Alisimama kati akanusa. Kulikuwa na harufu ya chumvi na rangi mpya. Friji ilikuwa imepandishwa juu ya matofali. Akagusa ukuta chini, plasta ikabaki mkononi kama unga wa muhogo.

"Huu ukuta umekunywa maji."

"Unyevu tu, Mama. Mji uko baharini."

"Bamvua maji yanafika wapi hapa?"

Nikacheka. Babu yangu alikuwa nahodha, na Mama hajawahi kuacha kuuliza maswali ya nahodha, kama hili la maji makuu ya mwezi mpevu. Nikamweleza kuwa bahari ya huku haijai kama yetu. Kwetu maji yanapanda na kushuka hata mita nne, ngalawa zinabaki zimelala mchangani. Hapa mita moja, na siku nyingi haifiki. Akaenda dirishani akaukodolea macho mfereji mpaka magharibi, na akarudi akiwa ameudharau kuliko mimi. "Kweli. Maji ya beseni haya."

Sote wawili tulikosea, maana tulihesabu mwezi tukasahau upepo. Adriatic ni bahari ndefu na nyembamba, na Venice iko kichwani mwake kabisa. Upepo wa kusini-mashariki, wenyewe wanauita scirocco, ukikaza, unayasukuma maji yote kwenda juu, na kule juu hayana pa kutokea. Na Jumanne ile, tarehe 12, mwezi ulikuwa mpevu.

Asubuhi maji yalikuwa yamepanda, lakini si ya kututia hofu. Alasiri tukapanda boti namba moja, tiketi euro 7.50 ya dakika 75, tukaushuka Mfereji Mkuu tumekaa. Mama hakuyatazama sana majumba ya wafalme wa biashara. Alitazama mahamali. Wana mikokoteni mirefu yenye vijigurudumu viwili mbele, wakifika darajani wanaiegemeza ngazi moja, wanaisukuma, wanaiegemeza tena. "Maskini, na mvua hii," alisema. Upepo ulikuwa wa uvuguvugu, jambo la ajabu Novemba. Mama akasema huu kusi wao si mzuri. Tukarudi mapema.

Baada ya isha king'ora kikalia, kama cha vita, kisha zikafuata sauti ndefu zinazopanda, moja juu ya nyingine. Nne. Mwenye nyumba akanitumia ujumbe: sauti nne ni sentimita 140 au zaidi, teremsha bamba la chuma mlangoni. Bamba kumbe lilikuwa nyuma ya kabati siku zote. Kwenye tangazo hakulitaja. Nikalichomeka kwenye mianya yake, likakaa sawasawa, nikakaa kitandani nikilitazama kwa fahari.

Maji hayakuja mlangoni. Yalikuja chooni. Tulisikia kwanza tundu la kuogea likikoroma, kisha yakatoka, meusi, taratibu, bila haraka yoyote, yakavuka kizingiti cha choo yakaingia chumbani. Kitu cha kwanza alichonyakua Mama ni mswala. Ulikuwa umelowa ncha. Akaukunja akauweka begani, akapandisha khanga magotini, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Zima umeme." Nilikuwa nimeganda. Ni yeye aliyenionyesha soketi ukutani, na maji yaliyobakisha shibiri moja kuzifikia.

Bibi wa ghorofa ya pili akatuita toka juu, ana tochi na mabuti ya mpira. Ngazi zilikuwa 22, nyembamba, za mawe, bila cha kushikia upande mmoja. Ndizo zile nilizomkwepesha nilipochagua chumba cha chini. Mama alizipanda kinyumenyume: anakaa, anajisukuma kwa mikono hadi ngazi ya juu yake, anapumua, anajisukuma tena, miguu mbele, mie chini yake nimebeba begi kichwani. Juu alivuliwa soksi mbichi akavishwa za sufu za yule bibi, akapewa chai iliyokosa kila kitu anachokijua yeye kwenye chai. Aliinywa yote.

Kilele kilifika saa tano kasoro dakika kumi: sentimita 187. Iliyowahi kuzidi hiyo ni ya Novemba 1966 peke yake, 194. Si kwamba maji barabarani yalikuwa na kina hicho. Wanapima kutoka usawa wa bahari uliowekwa mwaka 1897, na njia nyingi ziko mita moja na kitu juu yake, kwa hiyo unatoa. Uwanja wa San Marco, ambako Kaka alitaka tulale, ni wa chini kuliko karibu mji mzima, unaanza kulowa kwenye sentimita 80 na kitu. Lile sikumwambia mpaka alipopiga kugomba.

Asubuhi maji yalipanda tena, machache kuliko ya usiku, tukangoja mpaka mchana. Yalipoondoka, Mama alishuka, akaenda kwenye alama iliyobaki ukutani, akaipima kutoka sakafuni kwa mkono wake. Shibiri tatu. "Mwambie mwenye nyumba," akaniamuru, "shibiri tatu." Nikamwambia sentimita 60. Alijibu kuwa hutokea mara chache sana, akarudisha hela za siku zilizobaki.

Tulihamia Mestre, ghorofa ya tano, lifti, dirisha juu ya maegesho ya mabasi. Mswala tuliuanika kwenye kipasha-joto, ukakauka na mstari mweupe wa chumvi. Nilidhani Mama ataomba turudi Bologna. Alhamisi asubuhi nikamkuta amekaa tayari, buibui mwilini, na soksi za yule bibi amezifua, amezikunja, katikati ametia kipaketi cha karafuu alichokuja nacho.

Maji yalikuwa chini. Tulivuka lile daraja letu moja, tukagonga kengele, na Mama akazipanda zile ngazi 22 mbele yangu, amesimama, akinikataza kumshika.